Halua Iliyokorogwa kwa Manung'uniko

Wamesimulia waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba katika mji wa Basra palikuwa na mpishi wa halua aitwaye Sufyani bin Tarifu, mcha Mungu kwelikweli, ila kichwa chake kigumu kuliko halua ya juzi. Hakushika mwiko mpaka atie udhu, na kila mzunguko aliufuatisha dhikri. Watu wakasema, halua ya Sufyani ina baraka. Sifa hizo zikamlewesha, akaapa hapana mkono mwingine utakaogusa karai lake. Kwa hiyo mnunuzi wa samli yeye, mpasua kuni yeye, mkorogaji yeye, muuzaji yeye.

Na halua haina subira. Ukiacha mwiko ukapiga chafya, imeshika chini. Adhana ikilia, Sufyani anakoroga. Wenzake wakitoka msikitini, Sufyani bado anakoroga, kisha anaswali peke yake mbiombio kama anayefukuzwa na mbwa.

Mkewe, Bi Raihana, alichoka kusema.

"Bwana, Mabruki mchukuzi kaja tena kuomba kazi. Nguvu anazo, dini anayo. Unangoja nini?"

"Na dhikri yangu ataisoma nani?"

"Kwani kumtaja Mungu umepewa wewe peke yako?"

Sufyani akamgeuzia mgongo, akazidi kukoroga. Karai lilikuwa linatokota.

Ukaingia mwezi wa Shaaban, wanunuzi wakajaa mlangoni kama nzi. Siku moja baada ya adhuhuri Sufyani alikuwa akikoroga kwa mkono mmoja na kuwapimia watu kwa mkono wa pili. "Subhanall... we mzee, ondoa kidole kwenye sinia! Subhana... nani kaniletea kuni mbichi? Mimi mwenyewe, mjinga mimi!" Mpaka halua inaiva, kilichopita kinywani mwake ni manung'uniko matupu.

Akafika binti mgeni, Hamdana, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Mzee wangu, baba yangu mgonjwa, amekataa kila chakula. Amesema labda halua ya yule anayekoroga kwa dhikri. Ndiyo hii?"

Watu wakageuka. Neno "ndiyo" lilikuwa jepesi ulimini, na lingemwachia heshima yake yote. Akisema "hapana", jina lake limekwisha sokoni. Akamtupia mkewe jicho la kuomba msaada. Mkewe akaanza kukunja kitambaa kilichokwisha kukunjwa.

"Hapana, binti yangu," alisema Sufyani. "Hii nimeikoroga kwa manung'uniko. Na ya jana vilevile."

"Lahaula! Na sisi je, tuliobeba baraka zako mpaka kwa wakwe?" aliropoka mmoja, akarudisha kifurushi chake. Wengine wakamfuata.

Hamdana akaketi kizingitini. "Basi pika nyingine, mzee. Nitangoja."

Sufyani akabandika karai jingine, akainua mwiko. Mkono ukakataa, mwiko ukamponyoka. Papo hapo ikalia adhana ya alasiri. Akatoka nje, akamkuta Mabruki amekaa juu ya mizigo ya watu.

"Ndugu yangu Mabruki, kazi bado unaitaka?"

"Bwana, nimeiomba mpaka nimeona haya."

"Haya ni yangu. Katie udhu ushike mwiko. Ujira wako utaupata kabla jasho halijakauka."

Mabruki akaanza kukoroga kuelekea kushoto. Sufyani tangu ujana alikoroga kuelekea kulia.

"Siyo hivy..."

"Sufyani!" alisema Bi Raihana. "Msikiti uko kule."

Akaenda, akaswali na jamaa, nusu ya moyo ikiwa karaini, Mola amsamehe. Akarudi anatweta. Halua haikuungua, Mabruki alikuwa akikoroga taratibu, "La ilaha illallah" ikimtoka bila haraka.

Ilipoiva, Hamdana akaondoka na fungu la baba yake. Bi Raihana akamwonjesha mumewe kipande. Iliki ilizidi. Sufyani akafumbua mdomo aseme, akautazama mwiko mikononi mwa mwenzake, akatafuna, akameza.

"Alhamdulillahi," alisema. "Kesho, Mabruki, uje mapema."

Enyi mnaouliza mtu atafute msaidizi lini, nanyi mnasubiri sanduku la fedha lijae! Kazi ya halali ikianza kukunyang'anya jina la Mola mdomoni, jua kuwa mwenzako umechelewa kumwita. Mola atujaalie ulimi mkweli na kiburi kifupi. Amina.