Kosa Lililomfuata Mwalimu Sengondo

Paukwa!
— Pakawa!
Hiyo ni pakawa ya watu waliolala njaa. Jazeni vifua. Paukwa!
— PAKAWA!
Palikuwa na mlima!
— Tukaupanda!
Juu ya mlima kanisa!
— Tukaingia!
Ndani ya kanisa kwaya!
— Tukaisikia!
Mkaisikiaje?
— Tukaziba masikio!
Basi yazibueni, maana ndiyo naanza.

Hapo zamani, zamani zile kanisa la Irembe lilipokuwa bado la nyasi na mchungaji ana jozi moja ya viatu, alikuwapo mwalimu wa kwaya jina lake Sengondo. Mtu mwema? Mwema. Mchapakazi? Kupita siafu. Mcha Mungu? Alikuwa wa kwanza kuingia kanisani na wa mwisho kutoka. Sauti? Hapo tukohoe kidogo, tuendelee.

Kwaya yake ilikuwa na watu ishirini na wanne na sauti nne: sauti ya kwanza, sauti ya pili, teno na besi. Na Mwalimu Sengondo alikuwa na desturi yake. Kwaya ikiimba, naye anaimba. Tena haimbi sauti moja kama binadamu wengine. Anaziimba zote! Anawasaidia sauti ya kwanza, anarukia teno, anatua kwenye besi, mikono inapepea, kijiti cha kuongozea kinachapa hewa, jasho linamtiririka. Ukimwangalia unapata baraka. Ukimsikiliza, eeh, ukimsikiliza unamwonea Mungu huruma.

Na jambo jingine. Mchungaji akihubiri kwamba kila mtu ajipime mwenyewe kabla ya kuikaribia meza ya Bwana, Sengondo hutikisa kichwa kwa uchungu, kisha hugeuka nyuma aone ni nani anayesemwa. Nyani haoni...?
— Kundule!
Nashukuru. Mmesema ninyi, sikusema mimi.

Siku moja, Jumatatu, Mchungaji Eliamani akamwita.

"Mwalimu Sengondo."

"Naam, Baba Mchungaji."

"Pasaka mliimba, mbuzi wakakata kamba."

"Walikuwa mbuzi wakorofi, Baba."

"Pentekoste mliimba, wazee wawili wakahamia dhehebu lingine kabla ya ubeti wa tatu."

"Hao hawakuwa na mizizi."

"Jumapili hii ni sikukuu ya Mavuno. Nimewaalika kwaya ya Kwandama, wale wa ng'ambo ya bonde. Mkiimba vizuri, watakula wali warudi kwao. Mkiharibu, wataimba hapa mwaka mzima, na ninyi mtakaa chini na waumini."

Sengondo akashika kiuno. "Kuimbiwa? Kanisani kwetu? Baba Mchungaji, hata maiti huimbiwa na watu wa kwao!"

"Basi kaimbeni kabla hamjawa maiti."

Sengondo alishuka kilima akinung'unika. Miaka ishirini ameilea kwaya ile, ameizaa kwa jasho, leo wachukue watu wa Kwandama wanaovaa kanzu zenye kola! Akapiga magoti nyumbani kwake, akaomba kwa sauti majirani wote wakasikia: "Bwana, yuko mtu anaharibu wimbo wako. Nionyeshe mtu huyo. Nionyeshe hata awe nani!"

Sala hiyo, jamani, msiiombe kama hamjajiandaa.

Jumanne wakakutana kwa mazoezi. Wimbo ulikuwa mfupi tu: "Mbegu ni yako, jembe ni lako, mavuno ni yako, Baba wa mbingu." Pale penye "mavuno" sauti inapanda kama mtu anayepanda ngazi. Sengondo akainua kijiti. Wakaimba. Mbegu, sawa. Jembe, sawa. Mavuno, lahaula! Kitu kikateleza kama mbuzi kwenye utelezi.

"Simama! Nani huyo?" Akatega sikio upande wa kushoto, walikosimama sauti ya kwanza. Akawasogelea. "Tena!" Wakaimba. Akaimba nao. Kosa lile hapo hapo, puani kwake!

"Ni ninyi! Sauti ya kwanza wote, tokeni nje!"

Kiongozi wao alikuwa msichana mmoja, Nakundwa, mwenye sauti kama maji ya mtungini. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani, labda tungeimba mara moja na wewe umenyamaza, tusikie..."

"Ninyamaze? Mchungaji wa ng'ombe anyamaze, ng'ombe waongozwe na nani? Nje!"

Wakatoka sita.

Alhamisi wakakutana, watu kumi na wanane. Mbegu, sawa. Jembe, sawa. Mavuno, kitu kikateleza. Sengondo akawasogelea teno, akaimba nao, akalisikia kosa sikioni kabisa, karibu kuliko sikio lenyewe. Teno waliongozwa na Kiangi, mwanamume mwembamba mwoga, ambaye akipiga chafya huomba radhi.

"Kiangi! Ni ninyi?"

"Kama unasema ni sisi, Mwalimu, basi ni sisi."

"Nje!"

Wakatoka sita.

Jumamosi asubuhi wakakutana, watu kumi na wawili. Mbegu, sawa. Jembe, sawa. Mavuno...?
— Kikateleza!
Mnajua kuliko yeye. Akawasogelea besi. Kosa limemfuata kama mbwa anayemjua mwenyewe. Besi waliongozwa na Mchome, mfyatua matofali, kifua kama pipa. Mchome hakungoja kuambiwa. Akavaa kofia yake. "Besi, twendeni. Matofali hayana makelele."

Wakatoka sita.

Wakabaki akina mama sita wa sauti ya pili, na mbele yao Bibi Nakajumo, mwenye meno mawili na akili thelathini na mbili. Wakaimba. Kosa lipo, limenenepa. Sengondo akakiinua kijiti kuelekea mlangoni, lakini akakishusha. Akiwatoa hawa, kesho ataimba nani? Viti?

"Bibi," akasema, na sauti yake ilikuwa imeishiwa nguvu, "kesho ni Mavuno. Nimeomba usiku na mchana nionyeshwe anayetuharibia. Nimetoa watu kumi na wanane na bado yumo. Nifanyeje?"

Bibi Nakajumo akamtazama. Angeweza kumwambia. Lakini mtu mwenye hasira ukimwambia ana masizi usoni, atakulaumu kwa kumtazama. Akasema, "Mwanangu, mharibifu namjua."

"Nani?"

"Yuko jabalini Ikwi, kule bonde linapobana. Nenda peke yako. Imba mstari wa mavuno, kisha nyamaza. Atakujibu kwa sauti yake mwenyewe. Ukimsikia, mfanye utakavyo."

"Nitamtia adabu!"

"Ukitaka. Lakini msikilize kwanza, baba. Msikilize hadi mwisho."

Sengondo akaondoka mbio, kijiti mkononi. Akafika Ikwi. Jabali limesimama wima kama ukuta wa mnara. Akajaza kifua, akaimba: "Mavuno ni yakooo!"

Akanyamaza. Na upande wa pili mtu akajibu: "...vuno ni yakooo!"

Mama yangu! Sauti ile! Ilianza juu, ikakosa kidato, ikaangukia chini kwa kishindo.

"Ndiye!" Sengondo akaruka. "Wewe! Toka hapo!"

"Toka hapo!"

"Unanifukuza mimi, Mwalimu Sengondo?"

"Sengondo!"

Hapo akasita. Yeye ni mtoto wa milimani, mwangwi anaujua tangu alipochunga mbuzi. Akalitazama jabali. Akalizunguka kidogo. Hakuna mtu. Akajiambia, "Jabali hili lina mafua."

Akasogea hatua hamsini, penye jiwe kavu linaloota jua. Akaimba. Akanyamaza. Jabali likajibu. Kidato kile kile, anguko lile lile. Akajiambia, "Upepo. Upepo wa leo ni wa kisirani."

Akangoja upepo utulie, hata jani halitikisiki. Akaimba mara ya tatu, polepole, kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto. Akanyamaza. Akasikiliza hadi mwisho.

Jabali halikumwonea wala halikumpendelea. Lilimrudishia alichokileta.

Sengondo akaketi juu ya nyasi. Miaka ishirini ikampita machoni: mbuzi wa Pasaka, wazee wawili wa Pentekoste, Nakundwa na mkono wake umenyooka. Akatazama juu. "Bwana, ni kweli nilikuomba unionyeshe. Lakini si ungeanza na dokezo?"

Kisha akacheka. Alijicheka mwenyewe hadi machozi, na katikati ya machozi yale ya kicheko yakaingia machache ya aina nyingine, na hayo nayo akayaacha yatoke.

Sasa, ndugu zangu, hapa ndipo shetani alipovuta kigoda. Akamnong'oneza: "Mbona unahangaika? Aliyesikia ni jabali tu, na jabali si muumini wa Irembe. Rudi, uwaite, useme umewasamehe. Kesho nyamaza kimya. Wataimba vizuri, na sifa ni yako." Ushauri mzuri ule! Una akili! Una heshima! Una kila kitu isipokuwa ukweli.

Sengondo akasimama, akakung'uta suruali. "Nikiwasamehe kosa langu," akasema, "hilo litakuwa kosa la pili, na hili la kwanza limenitosha." Akateremka kijijini, jua bado liko juu.

Akaenda kwa Nakundwa, akamkuta anatwanga. "Binti yangu, anayeharibu wimbo ni mimi. Nimekutoa kwa sababu ulisema kweli. Nisamehe."

Mchi ukabaki hewani. "Mwalimu, unaumwa?"

"Naanza kupona."

Akaenda kwa Kiangi. Kiangi alipomwona alipanda darini. Sengondo ikabidi aombe msamaha akitazama juu, kama anayesali. Kiangi akajibu kutoka penye magunzi, "Nimekusamehe, Mwalimu, na kama nimekosea kukusamehe, unisamehe."

Akaenda kwa Mchome, akamkuta amezama kwenye udongo hadi magotini. Akamweleza yote. Mchome hakushangaa hata kidogo.

"Tumejua tangu mwaka wa kwanza," akasema.

"Tangu mwaka wa kwanza! Mbona hamkuniambia?"

"Aliyekuambia ulimtoa nje."

Neno lile lilimwingia Sengondo kuliko sauti ya jabali. Mchome naye akatazama matofali yake, akakuna kidevu kwa mkono wenye udongo. "Na sisi, Mwalimu, tulikaa tunakucheka pembeni miaka yote. Huo nao haukuwa upendo. Njoo uninawishe mikono, tupeane."

Asubuhi ya Mavuno wote ishirini na wanne wakakusanyika nyuma ya kanisa. Sengondo akarudia mbele yao wote, hakupunguza neno. Kisha akasema, "Leo sauti ya kuanzia ataitoa Nakundwa. Mimi nitaongoza kwa mikono. Lakini nawaonya, mdomo uliozoea kazi miaka ishirini hauachi kwa siku moja. Bibi, nipe kata ya maji."

Akapiga funda kubwa, mashavu yakavimba kama chura wa masika, akaingia kanisani hivyo hivyo.

Kanisa limejaa! Maboga mbele, ndizi mbele, kuku wamefungwa miguu mbele. Kwaya ya Kwandama wamekaa benchi la kwanza, kola zao zimenyooka, tayari kurithi. Mchungaji Eliamani amesimama karibu kabisa na mwalimu, uso wa mtu anayengoja jino ling'olewe.

Nakundwa akatoa sauti. Mikono ya Sengondo ikapanda. Mbegu ni yako! Ikatoka kama mvua ya kwanza. Jembe ni lako! Besi ya Mchome ikatikisa maboga. Mavuno...

Sengondo alifumba macho.

Ikapanda! Ngazi yote, kidato kwa kidato, sauti nne zimeshikana mikono, hadi juu kabisa penye nyasi za paa! Miaka ishirini aliifundisha kwaya ile, na siku ile ndiyo aliisikia kwa mara ya kwanza. Kumbe walikuwa wazuri! Kumbe wote walikuwa wazuri! Furaha ikampanda kutoka tumboni, ikafika kifuani, ikafika kooni, ikakuta maji.

"AMINA!"

Pwaaa! Funda lote, mwili mzima wa Mchungaji Eliamani, kuanzia miwani hadi kwenye viatu vile vya pekee.

Kanisa likanyamaza. Kuku wakanyamaza. Sengondo akapiga magoti. "Baba Mchungaji, ni mimi. Na leo si mimi tu, ni mimi tangu mwanzo. Mbuzi wa Pasaka ni mimi. Wazee wa Pentekoste ni mimi. Kwaya haikuwa na kosa hata siku moja."

Mchungaji akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Midomo ikaanza kumtetemeka. Kisha akaangua kicheko, na kanisa zima likapasuka, Kwandama na kola zao wakalaliana mabegani.

"Waumini," akasema alipopata pumzi, "mimi nimebatiza mamia, lakini leo ndiyo nimebatizwa na mtu anayetubu. Ndugu zetu wa Kwandama, karibuni sana! Wali uko tayari. Kuimba, wenyeji wameshaimba."

Vigelegele! Bibi Nakajumo alipiga cha kwanza, kwa meno yake mawili.

Na tangu siku hiyo, pale Irembe, mwalimu wa kwaya haanzi mazoezi kwa kusikiliza watu. Husimama peke yake mbele ya wote, huimba mstari mmoja, kisha huuliza, "Nimekosa wapi?" Na anayejibu kwanza ni mdogo kuliko wote. Sengondo alifanya hivyo hadi uzeeni. Siku nyingine walimwambia, "Hapa na hapa." Siku nyingine walimwambia, "Kote, Mwalimu." Naye husema, "Ahsanteni. Sasa tuimbe."

Hadithi yangu imefika mlangoni, imevua viatu, imeingia kwenu. Ikiwa tamu, mgawie jirani. Ikiwa chungu, meza wewe kwanza, ndipo umpe mwenzio.
— Tumemeza!
Basi mimi nashuka mlima. Kaeni salama!
— Shuka salama!