Kiti cha Mpambe wa Zamoyoni

Haya, sogeeni, na mwenye simu aiweke chini kwanza. Nikimaliza mtazipapasa mpaka zichoke. Muheza alikuwepo msichana mkaanga maandazi, Zamoyoni, na alikuja kuwa na marafiki watatu. Sauda alijaliwa uzuri, na wa kwanza kuujua alikuwa yeye mwenyewe. Devota wa Songea alijaliwa maneno. Sikitu alijaliwa mikono, na simu yake ilikuwa kitochi, haipigi picha wala haioni ya mtu.

Siku moja karai likapinduka, mafuta yakamchoma Zamoyoni shavu na shingo. Alipona, lakini kovu likabaki, naye akajifungia ndani. Mchumba wake, Hatibu, akija anaongea na mlango.

"Nenda katafute mwingine," Zamoyoni anamwambia, huku analia, maana alikuwa anampenda jamani, anampenda sana.

Sauda akaenda kumjulia hali. Hata hajakaa, simu ishatoka! Akabinua midomo, akajipiga picha, akairusha mtandaoni: "Leo nimewaka au sijawaka?" Kumbe nyuma yake Zamoyoni anakunywa maji, ushungi umeshuka, kovu lote nje. Alipoiona ile picha akavuta ushungi.

"Ifute, Sauda!"

"Yarabi! Shoga, wallahi hata sikukuona, nilikuwa naangalia nywele zangu."

Akaifuta, lakini ilishafika mbali.

Ilimfikia Devota kule Songea, mtu asiyemjua hata mmoja wao. Akamtafuta Zamoyoni, akamwandikia: "Dada, mimi pia niliungua." Wakawa wanaandikiana kila jioni. Devota kwenye ukurasa wake aliweka ua tu, sura yake hakuna aliyewahi kuiona. Siku moja akapiga simu ya video, akavua mtandio, akasema, "Nitazame. Wewe ndiye wa kwanza." Zamoyoni akamtazama, wakalia wote wawili, kisha naye akavua ushungi wake. Kesho yake Hatibu alipobisha, mlango ukafunguliwa.

Ila jiko lilimshinda. Akisikia mafuta yanachemka, anakimbilia ndani. "Mimi wa kuogopa jiko, naolewa nikafanye nini?" akawa anasema. Sasa, tangu siku ya ajali, Sikitu ndiye aliyekuwa akiwakaangia wateja wa Zamoyoni wasije wakahama. Alfajiri moja akamsimamisha mwenziwe mbele ya karai, akaweka mkono wake juu ya wa Zamoyoni. Mafuta yakiruka, yanamrukia Sikitu. "Taratibu," anamwambia, "mimi sina haraka." Mkono ukazoea, moyo ukazoea, na Hatibu alipouliza tena, Zamoyoni akasema ndiyo.

Haya, harusi hiyo! Mnajua mpambe: huvaa sare na bi harusi, hukaa ubavuni pake mbele ya umati wote. Na kwao mpambe ni mmoja. Siku yenyewe, marafiki wote watatu wakamfuata chumbani, kila mmoja akitaka awe yeye.

"Bila picha yangu Devota angekujulia wapi?" Sauda akasema, kisha akaiweka simu chini. "Zamoyoni, wanaonifuata mtandaoni hata siwajui. Nikiumwa, anayekuja ni wewe peke yako."

Devota akasema, "Nimetoka Songea nimejifunika njia nzima, dada. Nikikaa pale na wewe, uso wazi, sitajificha tena maisha yangu."

"Mimi sidai kitu," akasema Sikitu. Kidogo akarudia, "Sidai kitu mimi." Machozi yakamtoka. "Lakini utotoni tulipocheza harusi, mpambe wako nilikuwa mimi."

Zamoyoni akawatazama. Aliwapenda wote, na alijua wawili watatoka mle na donda moyoni, na donda hilo atakuwa amelitia yeye. Nje vigelegele vimepamba moto, wanamwita atoke.

Basi ninyi mnaonisikiliza, msinitazame mimi. Yupo aliyejipenda, na kujipenda kwake kukamfaa mwenziwe bila yeye kujua. Yupo aliyependa kwa mbali, akautoa uso aliouficha dunia nzima. Yupo aliyependa kwa karibu, mikono ikaungua. Sare imeshonwa moja, kiti ni kimoja, na mlango unafunguliwa sasa hivi. Je, ungekuwa wewe ndiye Zamoyoni, ungetoka umemshika nani mkono?