Fisi Aliyejifanya Shangazi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na makomeo, palitokea jambo nyumbani kwa mbuzi mmoja aliyeitwa Bi Siwema. Siku hiyo walikuwapo hawa: Mwanaidi, binti yake mkubwa; Shomari, mdogo wake Mwanaidi; kitoto kichanga ambacho kilikuwa bado hakijapewa jina; na nje ya mlango, Fisi Magoma. Bi Siwema mwenyewe alikuwa amekwenda gulioni kununua chumvi.

Fisi Magoma mnamjua kwa sifa mbaya tu. Hakuna aliyewahi kumwuliza siku ile ilikuwaje kwake. Sogeeni niwaambie.

Magoma alikuwa na njaa, njaa ile ya kulala nayo na kuamka nayo. Alimwona Bi Siwema akipita na kikapu, akajua watoto wamebaki peke yao, wanono na laini. Akameza yai bichi kulainisha koo. Akafungua sanduku, akatoa kanga ya marehemu mama yake, maana kanga nyingine hakuwa nayo. Akajitanda, akaenda.

Ngo, ngo, ngo.

"Hodi wanangu," akasema kwa sauti nyembamba. "Ni mimi shangazi yenu. Nimetoka mbali, miguu inaniwaka."

Jicho likatokea kwenye ufa wa mlango. Likamtazama kuanzia juu, likashuka polepole mpaka chini.

"Shikamoo shangazi," akasema Mwanaidi.

"Marahaba mwanangu. Fungua."

"Mbona umechelewa hivyo? Tumekungoja mpaka tumechoka."

Magoma akababaika. Hakujua kumbe yuko shangazi anayengojwa. "Njia ilikuwa mbaya," akasema.

"Mtoto hana jina mpaka leo. Jina hutolewa na shangazi, tena akiwa hapo hapo mlangoni, kabla hajaingia. Au kwenu mnafanyaje?"

"Vivyo hivyo," Magoma akajibu haraka. Kwao shangazi huja, hula, huondoka.

Ndani kitoto kilikuwa kinalia, mee, mee, mee. Shomari akanong'ona, "Dada, mbona shangazi ana kucha?"

"Nyamaza. Katoka safari." Kisha Mwanaidi akapaza sauti, "Haya shangazi, toa jina. Liwe la mtu uliyempenda, si la kuokota tu."

Magoma akatafuta jina. Akatafuta kichwani huku na huku, lakini kila alipogusa palikuja moja tu.

"Chausiku," akasema.

"Ndiye nani?"

"Mama yangu. Alikuwa akirudi na kipande kimoja cha nyama, ananipa chote. Anasema yeye ameshakula njiani." Magoma akaishika ile kanga. "Nimekuwa mkubwa ndipo nikajua hakuwa akila."

Sauti nyembamba ilikuwa imempotea bila yeye kujua. Hii ilikuwa sauti yake mwenyewe, nene, ya kukwaruza. Na kule ndani kitoto kikaacha kulia, kikasikiliza.

Krrr, komeo likavutwa. Mlango ukafunguka, na kabla Magoma hajajua la kufanya, Mwanaidi alikuwa amemwekea kitoto mikononi.

"Mshike Chausiku wako, shangazi."

Kilikuwa na joto. Kilinukia maziwa. Mate yakamjaa Magoma kinywani, akayameza, glu. Njaa ikamwambia, haya sasa. Akafungua kinywa. Kitoto nacho kikafungua kinywa, kikapiga mwayo, kikalala pale pale juu ya kanga ya mama yake Magoma.

"Mchukue," akasema Magoma. "Mchukue upesi."

Mwanaidi akamchukua. Akarudi na bakuli la uji wa mtama. "Shangazi akishatoa jina, hula yeye kwanza."

Magoma akala bakuli la kwanza, akala la pili, akaletewa sufuria.

"Dada," akasema Shomari kwa huzuni, "hata ukoko?"

"Hata ukoko."

Hapo Bi Siwema akatokea. Kikapu kikamponyoka, pu! Akaziona kucha. Akaiona kanga. Akawatazama watoto wake mmoja mmoja, wote wazima, kisha akaiona sufuria tupu. Mwanaidi akasema, "Mama, shangazi amempa mtoto jina." Bi Siwema akasema taratibu, "Karibu wifi."

Magoma akainama kwa aibu. Hakuna aliyewahi kumwambia karibu. Akashukuru kwa uji, akaaga. Alipofika mlangoni akamgeukia Mwanaidi.

"Ulinijua lini?"

"Ulipopiga hodi. Mkia ulikuwa nje ya kanga."

"Na mlango ukaufungua?"

"Niliufungua ulipomtaja mama yako."

"Na ile desturi ya jina, uliitunga?"

"Desturi ni ya kweli," akasema Mwanaidi. "Ila shangazi hatuna."

Jioni Bi Siwema alimvuta Mwanaidi sikio, na alikuwa na haki. Nanyi wanangu, wageni msiwafungulie mlango, ila jueni kwamba ni vigumu kumdhuru mtu uliyempa jina la mama yako.

Chausiku alikua vizuri, na mpaka anaachishwa ziwa, hakuwa akilala asipoimbiwa kwa sauti nene kama ile aliyoisikia mlangoni.