Fomu ya Atuganile

Wapendwa, nina habari ya binti mmoja, na naomba mnivumilie, maana habari yenyewe hainipambi.

Atuganile ni wa usharika wetu, na ameniruhusu niisimulie. Anasoma chuo kikuu. Kule kwao mwaka wa kwanza wanasoma mchanganyiko, na mwaka wa pili ukianza kila mwanafunzi anajaza fomu, anataja somo moja atakaloshika mpaka amalize. Yeye aliipenda sayansi ya siasa. Alama zake zilikuwa nzuri, hata mwalimu alimsifu. Lakini alipoishika ile fomu, hakuweza kuandika.

Alimpigia baba yake. Baba akasema, "Siasa ni ya waongo, mwanangu. Chukua ualimu, utapata kazi na utalala vizuri."

Akampigia mjomba. Mjomba akacheka. "Chukua hiyohiyo siasa. Ukiwa mbunge usitusahau."

Sasa niambieni, yupi kati ya hao alimsaidia? Binti akaandika siasa kwa penseli, akafuta. Akaandika ualimu, akafuta, mpaka karatasi ikaanza kutoboka. Akafunga siku mbili akimwomba Mungu ampe ishara. Aliniambia alichosikia siku ya pili ni njaa tu.

Zilipobaki siku tatu fomu zirudishwe, alipanda basi akaja kwangu. Alikaa pale ofisini akanieleza yote, na mimi nilikuwa na jibu kabla hajamaliza. Nikamwambia, "Binti yangu, huko si mahali pa mtu wa Mungu. Utaingia msafi, utatoka mchafu." Akashukuru, akaondoka. Nikajiona nimefanya kazi ya uchungaji.

Wiki iliyopita alirudi likizo. Nikamuuliza alichagua nini.

"Siasa, Baba Mchungaji."

"Kwa hiyo ulipata ishara?"

"Hapana. Niliikabidhi ile fomu nikiwa bado sina uhakika. Hata leo sijui kama nimekosea."

"Sasa kwa nini uliandika hivyo?"

Akasema, kwa heshima kabisa, "Baba, unaukumbuka ule mkutano wa kijiji, wa bomba la maji? Mama alinyoosha mkono mara tatu. Alitaka kusema kwamba bomba linapita mbali na zahanati. Mara ya tatu mwenyekiti akamwambia akae, wanaume wazungumze. Wewe ulikuwa umekaa mbele. Nilikutazama, nikajua utasema neno. Ulikuwa unatazama viatu vyako."

Mpaka leo zahanati yetu inapelekewa maji kwa ndoo, na mnawajua wanaozibeba.

Wapendwa, sisi tunasema siasa ni chafu. Nani aliiacha ikawa chafu? Si sisi wasafi, tuliokaa mbele tukanyamaza? Kila Jumapili tunamwomba Mungu atupe viongozi wa haki. Akimwinua mmoja kutoka kwenye mabenchi haya haya, tunamwambia akimbie. Tukimwona amechanganyikiwa, tunadhani Mungu hayuko naye. Mimi nilikuwa na uhakika wote siku ile pale ofisini, na nilikuwa nimekosea. Yeye hakuwa na uhakika wowote, na alikwenda.

Siwezi kuwaambia itakuwaje kwake huko mbele. Yeye mwenyewe hajui, na mimi nimeacha kujifanya najua.

Ninachojua ni kwamba Jumanne, saa nne asubuhi, kuna mkutano mwingine wa kijiji. Mama yake Atuganile amekaa pale, benchi la tatu, namwona. Mama, safari hii ukinyoosha mkono wakakukalisha, nitasimama. Na ninyi wengine nawaomba, msiniache nisimame peke yangu.