Birika la Stesheni ya Kwamsanja

Paukwa!
*Pakawa!*
Kaondoka treni!
*Kabaki reli!*
Na reli inalala na nani?
*Na majani!*

Eeh, mnaitika kama watu waliofunga siku saba. Msijali, hata mimi nimechoka. Kaeni niitoe hadithi hii, nikapumzike.

Hapo kale Kwamsanja hapakuwa na mji. Palikuwa na chemchemi tu. Treni ya moshi ikija, chuku-chuku, chuku-chuku, ikifika hapa ina kiu. Basi wakajenga birika kubwa kando ya reli, chemchemi ikalijaza, treni ikasimama kunywa. Treni ikisimama, abiria wanashuka. Wakishuka, wana njaa. Mama Kanga akaja na sufuria yake ya mihogo, na wengine nyuma yake. Stesheni ikawa stesheni, mji ukawa mji, yote kwa sababu ya kiu ya treni.

Mwenye kazi ya ishara alikuwa Kinyonga. Alikaa juu ya nguzo. Akiwa mwekundu, treni inasimama. Akiwa kijani, treni inapita. Dereva haulizi, anatazama nguzo tu, ndiyo sheria ya reli. Kutwa kucha mwekundu, kijani, mwekundu, kijani.

"Nimechoka," husema Kinyonga, "lakini nipo."

Mwaka mmoja mto ukakauka. Kiboko akaja, gu! gu! gu!, akaliona birika. Chubwi! Nusu ya maji ikamwagika, nusu akainywa.

"Bwana Kiboko, hayo maji ni ya treni," akasema Kinyonga kutoka nguzoni.

"Treni ina mdomo?"

"Haina."

"Sasa asiye na mdomo anakunywa nini? Nipishe, kidudu wewe!"

Treni ikaja, ikakuta matope. Kesho yake, matope. Dereva akakasirika. "Nawapa juma moja. Nikikosa maji, sisimami tena hapa."

Mama Kanga akalia. "Mzee Kinyonga, wanangu kumi na wawili wanakula kwa mihogo hii. Treni isiposimama nitamuuzia nani, Kiboko?"

Kinyonga akashuka nguzoni. Mguu mmoja, akasita. Mguu wa pili, akasita. Jua likamkuta njiani, likamwacha njiani. Kesho yake ndipo akafika birikani.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Nini tena?"

"Nimekuja kukupa pole. Mwili wote huo ndani ya kibirika! Na mwisho wa reli kuna ziwa, ukisimama huku, ng'ambo huioni."

Kiboko akasimamisha masikio. "Ziwa zima?"

"Zima."

"Na birika langu je?"

Mnamsikia? Anataka ziwa, anataka na birika.

"Nitakulindia mimi," akasema Kinyonga. "Ukitaka kurudi, panda treni. Naapa kwa nguzo yangu, nikiwa mwekundu tu, treni inasimama, unashuka."

Kiboko akapanda behewa la mizigo, chuma kikalia kwiii! Wakaenda zao. Chemchemi ikalijaza birika. Mama Kanga akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Kule ziwani Kiboko akakuta viboko arobaini, kila mmoja na meno kumzidi yeye. Siku ya tatu akapanda treni ya kurudi. Kinyonga akakiona kile kichwa kimechomoza behewani. Akawa kijani. Chuku-chuku, chuku-chuku, puuu!

"Weee Kinyongaaa! Kuwa mwekunduuu!"

Ikapita. Jamani, mji ulicheka siku hiyo! Watu walishika mbavu.

Kesho yake treni ikarudi, Kiboko yumo. Kijani, ikapita. Keshokutwa, yumo. Kijani, ikapita. Kiboko akakataa kushuka popote. "Nitashuka kwangu!" Kinyonga naye akakataa kuwa mwekundu. Mihogo ikapoa sufuriani.

"Mzee Kinyonga, kuwa mwekundu basi, hata kidogo," akasihi Mama Kanga.

"Na akishuka?"

"Na treni isiposimama?"

Kinyonga akazungusha jicho moja huku, jicho moja kule. Ulikuwa ushindi wake, akaona uchungu kuutupa.

Kiu ya treni haikungoja. Stesheni ya mbele wakachimba kisima, wakajenga birika lao, treni ikazoea kunywa huko. Mwaka ukaisha. Kiboko akachoka kwenda na kurudi na reli, akateremka ziwani, akaoa, akatusahau.

Siku hiyo Kinyonga akawa mwekundu, mwekundu wa pilipili. Lakini wakubwa wa reli walikuwa wameshalifuta jina la Kwamsanja, na dereva hatazami nguzo ya mahali pasipo na stesheni. Chuku-chuku, chuku-chuku, puuu! Ikapita. Baadaye hata kupita ikaacha.

Birika lipo mpaka leo, limejaa pomoni, vyura wanaogelea. Watoto wa Mama Kanga walitawanyika kutafuta riziki. Mwenyewe huchota maji pale, huchemsha mihogo miwili, mmoja wake, mmoja wa Kinyonga.

"Bado mwekundu, mzee?"

"Bado. Nimechoka, lakini nipo."

Basi, mzigo wa hadithi nimeutua hapa. Aliyeuona mtamu aubebe, aliyeuona mchungu aniachie, nimeuzoea.

Mnataka funzo? Mna shida nyinyi. Haya, shikeni: mwenye akili humshinda mwenye nguvu, na akishinda huishi raha mustarehe. Asiyeamini aende stesheni akajionee. Achukue na ndoo, maji ni mengi.