Chuma Kilichovuka Shimo

Palikuwa na mjane mmoja mjini, ndugu zangu, katika mtaa ambao nyumba zimebanana hivi kwamba ukikaanga pilipili kwako, anayepiga chafya ni jirani. Alikuwa na nyumba moja tu duniani, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kiwanja cha ubavuni pake kikachimbwa shimo refu, la kujenga maegesho ya magari chini ya ardhi. Ili udongo usiporomoke, mafundi wakasimamisha kuta za chuma kuzunguka shimo, za muda tu, mpaka jengo lipande.

Mvua zikaja. Ukuta wa upande wake ukaanza kuinamia shimoni, na sebuleni ukatokea ufa wa kuingiza kidole. Mjane roho juu!

Asubuhi moja winchi ikashusha nguzo nene ya chuma. Mjane akatoka mbio akipiga vigelegele: "Nimepona! Nyumba yangu imepata wa kuishikilia!" Kutazama vizuri, loo! Ncha moja kwake, ncha nyingine ng'ambo ya shimo, kwenye ukuta wa upande wa mzee mmoja jirani, waliyenuniana naye miaka tisa kwa ajili ya maji ya mvua ya paa.

"Simameni!" akafoka. "Mimi sishikiliwi na yule!"

Msimamizi akamwambia, "Mama, udongo wa kwako unasukuma kule, wa kwake unasukuma huku. Chuma kikikaa katikati, kuta zote mbili zinasimama."

"Basi niwekee changu peke yangu."

"Nikiegemeze wapi, mama? Hewani?"

Na mzee je? Naye yuko barazani kwake, anapiga kelele hizo hizo! Niambieni, hapo mwenye akili ni nani?

Mara ardhi ikanguruma. Kona ya baraza ya mjane ikaporomoka shimoni, puu!

"Mzee!" akapiga ukelele; neno lake la kwanza kwake kwa miaka tisa. "Waache waweke!"

"Na wewe nyamaza wapate kuweka!"

Wakaweka. Wakakaza kwa jeki. Nyumba zote mbili zikapona.

Sasa sisi, wapendwa! Tunafunga, tunakesha, tunamwomba Mungu adui zetu waanguke! Haya, akianguka yule, wewe utaegemea nini? Hapa ndani nawaona wawili waliokaa mabenchi ya mbali makusudi, wasije wakapeana mkono wa amani. Siwataji. Ila kwaya isianze kwanza. Nasubiri mmoja wenu ainuke.