Jina la Binti wa Sikudhani

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, wala msijitie uzee, katika kijiji kimoja cha Wazaramo alikuwako msichana aitwaye Sikudhani. Alipotimiza miaka kumi na sita alishikwa na homa kali. Homa ikaondoka, macho yakabaki na balaa: akawa anaona wafu. Tena si usiku, la, mchana kweupe! Akienda kisimani, wafu wamekaa ukingoni wananing'iniza miguu. Akipakua ubwabwa, wafu wananusa mvuke na kusema chumvi haijakolea.

Sikudhani aliogopa, jamani. Alijifungia chumbani miezi saba. Wajomba zake wakakata shauri: huyu kichaa, Ijumaa tunampeleka kwa mganga akafungwe kamba.

"Hafungwi mtu hapa," akasema bibi yake, Bibi Chausiku. Akaingia chumbani. "Mjukuu wangu, wako wangapi humu?"

"Watatu, Bibi. Mmoja kakalia mkeka wako."

Bibi hakuona kitu. Lakini aliugeukia mkeka, akapiga goti: "Shikamoo!" Kisha akamwambia mjukuu, "Hawa ni wakubwa zako. Waamkie, usiwakimbie."

Tangu siku hiyo Bibi akawa anaamkia hewa, kijiji kizima kikitazama. Shikamoo kwa kinu! Shikamoo kwa mlango wa choo! Mashoga zake wakamcheka, wengine wakakata mguu kabisa. Wajomba nao wakaona haya: watamfungaje mtoto bila kumfunga na mama yao mzazi? Wakaacha.

Basi Sikudhani akaanza kutoka nje, ila mkono haubanduki kwenye kanga ya Bibi. Mara akafa Bi Tausi, muuza vitumbua, mwanamke asiye na mume wala mtoto. Na mnaujua utani wa Wazaramo na Wanyamwezi: mtani akija msibani humwigiza marehemu, huchukua akitakacho, wala hanyimwi. Pale kijijini Mnyamwezi alikuwa mmoja tu, mama mmoja mcheshi, Nyamizi. Akajifunga kanga ya marehemu, akachuchumaa katikati ya waliaji, akabana pua: "Vitumbua! Vya moto! Vimetoka jikoni jana!"

Bi Tausi mwenyewe alikuwa amekaa juu ya mtungi, mikono kiunoni. "Mwongo huyo! Vya jana nimeuza lini mimi?" Akafikiri kidogo. "Ijumaa tu. Na Jumatatu."

Sikudhani akaangua kicheko. Matangani! Ndugu wa marehemu wakamtolea macho. Nyamizi akadakia, "Nimemchekesha mimi, nishikeni mimi!" Utani una mipaka yake, bwana; walimmwagia maji ya vyombo, akaondoka hakuonja hata punje ya ubwabwa. Lakini Sikudhani hofu ilimtoka siku ileile. Angewaogopaje tena watu wanaobishana juu ya vitumbua vya jana?

Wafu nao si wajinga. Walipoona haogopi, wakamvamia. "Mwambie mwanangu jembe liko darini!" "Mwambie mke wangu namwona!" Hakuna kula, hakuna kulala. Bi Tausi akasimama mlangoni. "Foleni! Nimeuza vitumbua miaka thelathini, nyinyi ndio mnishinde?" Akawapanga: kila siku mmoja, baada ya kazi za asubuhi, na salamu kwanza.

Siku yake ya arobaini, wafu wanapofunguliwa njia wakapumzike, Bi Tausi alikuwa anamvuta mfu mmoja king'ang'anizi kutoka kitandani kwa Sikudhani. Njia ikafunguka, ikafungika. Akabaki. Na mfu aliyebaki hivyo, asipopata mtu wa kubeba jina lake, hufutika kidogo kidogo, kuanzia nyayo. Kufutika kukifika kichwani, basi, hayupo huku wala huko.

Sikudhani akaolewa. Bibi naye akaugua, akamshika mkono. "Msichana wako wa kwanza ataitwa nani?"

"Chausiku, Bibi. Naapa." Bibi akafa akitabasamu.

Mwaka uliofuata akazaliwa mtoto wa kike. Siku ya saba, siku ya kumtoa nje na kumpa jina, shehe amekaa barazani anangoja, Nyamizi akaruka akampokonya mtoto, akakaa kizingitini.

"Mtani hanyimwi! Mtoto aitwe Nyamizi, la sivyo simtoi. Kwetu mbali, hapa sina ndugu. Nani atanitaja nikifa? Na hofu yako niliivunja mimi, nikaogeshwa maji ya masufuria!"

"Aah!" Marehemu Bibi Chausiku huyo, karudi kudai jina lake, kakaa kitandani na kanga yake ya kijani. "Nisingekuamini mimi, leo ungekuwa na kamba mguuni. Na uliniapia, Sikudhani."

"Unao wajukuu wawili wenye jina lako tayari!" Bi Tausi akafoka. Alikuwa amefutika mpaka kidevuni, kichwa kitupu kinaelea juu ya mtungi. "Mimi niliacha njia yangu kwa ajili yake."

"Wawili hao nilipewa na wanangu. Huyu niliahidiwa na yeye!"

"Nyamazeni!" akalia Sikudhani, machozi yanamtoka. Wote watatu aliwapenda.

"Mbona nimenyamaza?" akasema Nyamizi. "Nani mwenzangu humo? Bibi yako? Mwambie shikamoo, lakini mtoto simpi!"

"Mama mtoto," shehe akaita kutoka barazani, "adhuhuri hiyo inaingia. Jina moja tu, tumalize."

Kidevu cha Bi Tausi kikatoweka. Mdomo ukaanza kufifia. "Mwanangu," akanong'ona, na sauti nayo ikakatika, yakabaki macho.

Sikudhani akafungua kinywa, akataja jina. Alitaja lipi, siwaambii. Mnacheka? Haya, wacheshi, semeni nyinyi: aliyemwamini akaapiwa, aliyemchekesha na hanyimwi, au aliyemlinda akaikosa njia yake? Je, mtoto yule alistahili jina la nani?